Sabuni yangu inawasha, na hela siioni

Shangazi, shikamoo. Natengeneza sabuni za kuogea nyumbani tangu mwaka jana. Fomula niliyopewa ni kilo moja ya mafuta ya nazi, mawese na alizeti, gramu 144 za kostiki soda, na maji. Sina mizani, kwa hiyo mafuta napima lita moja, kostiki napima kwa kijiko. Mara sabuni inatoka nzuri, mara inawasha ngozi na kutoa unga mweupe. Nauza baada ya wiki moja kwa sababu hela inahitajika. Wifi yangu kachukua vipande 9 kwa mkopo na halipi, mume wangu anamuunga mkono, anasema huu ni mchezo wa kupoteza mafuta. Sasa kikundi chetu kiko tayari kunipa mkopo wa kurejesha kila wiki, ninunue blenda na mafuta mengi. Nichukue?
Mama Povu

Marahaba, binti yangu. Mkopo huo acha kwanza. Sababu nitakueleza, ila tuanzie kwenye sabuni yenyewe, maana kwa upimaji huo hata hela ya bure ingekwisha.

Kabla ya blenda nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ina gramu 915 hadi 920 hivi. Mafuta kiasi hicho, kwa mchanganyiko wako, yanahitaji kama gramu 139 tu za kostiki ili yote yageuke sabuni. Wewe unafuata fomula ya gramu 144. Hizo 5 zilizozidi zimekosa mafuta ya kula, zinakula ngozi ya mteja. Na hapo tumejifanya tunaamini kwamba vijiko vyako vilitoa 144 kamili! Kijiko cha kostiki ya punje hakilingani uzito na kijiko cha kostiki ya magamba. Kopo nalo likikaa wazi, kostiki inanyonya unyevu wa hewani na nguvu yake kwa kila gramu inapungua. Ndiyo maana mara nzuri, mara mbaya.

Fomula haina tatizo. Kila gramu ya mafuta ya nazi inahitaji takriban gramu 0.183 za kostiki, mawese 0.141, alizeti 0.134. Weka nazi gramu 300, mawese 450, alizeti 250. Zidisha, jumlisha, utapata karibu 152. Punguza asilimia 5, ndipo inapotoka ile 144. Upungufu huo unafanywa makusudi: mafuta kidogo yanabaki bila kugeuka, yanalainisha ngozi na kufunika kosa dogo la kupima. Maji yawe mara mbili ya kostiki, gramu 288, nayo pia yapimwe kwenye mizani. Ukibadilisha mafuta, hata kwa robo ya kilo, piga hesabu upya. Alizeti usiizidishe, sabuni itakuwa laini na baada ya muda itatoka madoa ya rangi ya machungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Nazi ikizidi sana povu linapendeza, lakini ngozi inakauka.

Siku ya kupika, watoto wasiwe jikoni. Vaa glovu, miwani ya kinga na mikono mirefu, fungua madirisha. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Chombo kiwe cha stenlesi au plastiki ngumu yenye alama ya namba 5 chini yake. Sufuria ya alumini usiiguse kabisa kwa kazi hii, kostiki inaitafuna na kutoa gesi inayoshika moto. Ikikurukia, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20, vua nguo iliyolowa, na kama ni jichoni nenda hospitali ukishasuuza. Siki usipake.

Maji ya kostiki yatapanda joto hata kupita nyuzi 80. Yaache yashuke hadi kati ya 38 na 45, na mafuta yaliyoyeyushwa yawe humo humo. Hapa wengi wanadanganyika: mafuta yakiwa yamepoa mno, mawese yanaanza kuganda na mchanganyiko unaonekana mzito, kumbe kostiki haijashikana na mafuta. Unamimina kwenye kalibu, kesho yake unakuta maji juu na vijishimo vya kostiki ndani. Koroga mpaka ukidondosha tone juu, linaacha alama kabla ya kuzama, na pembeni ya chombo usione michirizi ya mafuta. Kwa mwiko kazi hiyo inaweza kupita saa nzima, kwa blenda ya mkono ni dakika chache. Kwa hiyo blenda si anasa, ila inakuja baada ya mizani.

Sasa huo unga mweupe. Kama uko juu tu, mwembamba, na ukiukwangua chini sabuni ni nzuri, hewa ndiyo iliyogusana na kostiki kabla haijamaliza kazi. Hauna madhara. Funika kalibu kwa plastiki saa 24 za mwanzo na utapungua sana. Ukikata kipande ukakuta punje nyeupe au majimaji ndani, hiyo ni kostiki mbichi. Jaribu hivi: lowesha kidole, sugua sabuni, gusisha ncha ya ulimi kidogo tu, kisha suuza. Ukihisi ladha ya sabuni, sawa. Ukishtuliwa mithili ya kugusa betri, mpiko huo hauuzwi kwa mtu wa kuoga. Utumie kusugulia sakafu, ukiwa na glovu.

Kuuza baada ya wiki moja ndiko kunakokufukuzia wateja, pengine kuliko huko kuwasha. Sabuni ya namna hii inahitaji wiki 4 hadi 6 kwenye rafu yenye hewa, vipande visigusane, ukivigeuza mara moja kwa wiki. Ikiwa na wiki moja bado imejaa maji, inayeyuka bafuni kwa siku chache, na aliyenunua anaona ameibiwa. Mpiko wa kilo moja ya mafuta unatoa gramu 1432, yaani vipande 12 vya gramu 117 hivi na masalia kidogo sufuriani. Baada ya wiki 6 kila kimoja kitakuwa kimeshuka hadi kama 103. Kwenye karatasi andika gramu 100, viungo vyote na tarehe ya kutengenezwa. Usiandike kwamba inaponya chunusi au fangasi, kwani nchi nyingi zinahesabu maneno hayo kuwa tangazo la dawa. Ulizia pia mamlaka ya vipodozi ya kwenu inataka nini kwa anayetengenezea nyumbani.

Ukishaelewa hizo wiki 6, swali la mkopo linajijibu. Ukipika mara moja kwa wiki, siku unapouza kipande cha kwanza tayari umeshanunua kilo 6 za mafuta na karibu gramu 870 za kostiki, na hela yote hiyo imekaa rafuni. Marejesho yao yanaanza wiki ya kwanza. Utalipa kwa nini? Ama kwa hela ya chakula, halafu mumeo awe na haki ya kununa, ama utauza sabuni mbichi kama sasa. Pika mpiko mmoja kwa wiki kwa mtaji ulio nao, hata wa nusu kilo. Baada ya hapo, kikundi kikikubali marejesho yaanze mwezi wa tatu tangu wakupe mkopo, tutaongea lugha nyingine.

Bei usiinakili dukani. Jumlisha mafuta, kostiki, harufu, karatasi, umeme au mkaa, nauli ya kufuata malighafi, na saa zako kwa malipo ambayo ungemlipa mtu mwingine. Gawa kwa 11, si kwa 12, kwa sababu kipande kimoja cha kila mpiko unakiweka wewe: wa kwanza kulalamika akija, unakijaribu hicho. Hapo umepata gharama, bado bei. Juu yake weka faida, na uache nafasi ya fungu la mwenye duka, hata kama leo unauzia mlangoni. Ukianza na bei ya chini kwa majirani, duka likikutaka kesho itabidi uwapandishie watu wale wale.

Mumeo ana hoja moja, usimkatalie: anaona mafuta yakitoka na haoni hela ikirudi. Mabishano hayatamgeuza. Hela ya sabuni ikae kwenye mkoba wa hela hiyo tu, au laini ya simu ya peke yake, na daftari liwe wazi mezani: kilichotoka, kilichoingia, kilicho rafuni. Ukichota ya matumizi ya nyumbani, iandike kama mshahara wako.

Kuhusu wifi, angalia kwanza vipande hivyo 9 ni vya mpiko upi. Kama ni ule uliowasha, huna deni la kumdai, vifuate uvirudishe na umpe pole. Kama vilikuwa vizima, 9 kati ya 11 ni karibu mpiko wote, na mwambie hivyo kwa heshima, mumeo akiwepo. Akitaka vingine, visubiri vikomae, na jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa madeni mbele yake, na tarehe ya kulipa aitaje mwenyewe.