Fundi jenereta na walinda amani

SWALI: Nina miaka 28, cheti cha kidato cha nne na cha VETA fani ya umeme. Kwa misimu minne nimehudumia jenereta za maghala ya korosho. Kuna mtu anataka 200,000 anipatie fomu ya Umoja wa Mataifa niende Kongo. Je, asiye mwanajeshi huchukuliwa? – Msomaji, Masasi

JIBU: Huchukuliwa, ila huyo mtu usimpe hata senti. Umoja wa Mataifa hautozi fomu, usaili wala mafunzo. Wanajeshi hupelekwa na nchi zao. Raia huomba wenyewe mtandaoni: careers.un.org kwa ajira, app.unv.org kwa kujitolea. Anzia huko kwenye kujitolea. Kuna posho ya kujikimu kila mwezi, na ngazi ya mtaalamu inataka umri usiopungua miaka 27 na uzoefu wa miaka 3. Kiwango cha elimu hutegemea tangazo, kwa hiyo lisome hadi mwisho.

Uzoefu ndio unaowaangusha mafundi wengi wa kwetu. Misimu minne ya miezi minne minne ni miezi 16, si miaka minne. Msimu ukiisha tafuta kazi hospitalini, hotelini au kwenye minara ya simu, na kila unapoondoka omba barua yenye cheo chako, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kibarua kisicho na barua ni vigumu kukithibitisha, hata kama uliifungua injini yote ukairudisha. Kwenye wasifu, "fundi umeme" pekee haitoshi. Taja ukubwa wa jenereta kwa kVA (kipimo cha uwezo wake wa umeme), saa za kazi kati ya sevisi na sevisi, na kama umewahi kuunganisha mbili zikagawana mzigo. Kambi nyingi za walinda amani ziko mbali na gridi na hutegemea mitambo hiyo kwa maji na mawasiliano.

Kiswahili kitakufaa sana mashariki ya Kongo. Maombi na usaili, hata hivyo, ni Kiingereza au Kifaransa.

SWALI: Najua Kimakonde, nimesomea ustawi wa jamii. Naweza kusaidia waliokimbia vita Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji? – Msomaji, Newala

JIBU: Kimakonde kitakufikisha kwa watu wa Mueda, wilaya ya huko, lakini taarifa za ofisini huandikwa Kireno, na nafasi nyingi za ngazi ya chini hupewa raia wa Msumbiji. Jifunze Kireno kwanza. Wakati huohuo fanya BSAFE, kozi ya usalama ya Umoja wa Mataifa: iko mtandaoni, ni bure, na cheti unakipakua mwenyewe.