Mashua Isiuzwe

Juzi mpwa wangu alinitumia sauti kwa WhatsApp kutoka Langoni, Lamu: "Mjomba, niambie ukweli. Ajenti ataka laki na nusu nije Qatar, na baba yuko tayari kuuza mashua. Nije?" Nyuma yake niliwasikia vijana wenziwe wakimhimiza aulize na mshahara. Nawajibu nyote. Huu ni mwaka wangu wa sita Doha, na kila nikija likizo nimekuwa nikisema "kwema, alhamdulillahi" na kugawa manukato. Leo nasema yote.

Mshahara kwanza. Tangu Machi 2021 sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asipotoa malazi aongeze 500, asipotoa chakula aongeze 300. Riyali 1,000 ni kama shilingi 35,000 za kwetu. Mimi ni mlinzi wa jengo, zamu ya saa 12, na nikijumlisha ovataimu nafika 1,500. Humo hutoa pesa za chakula, bando na mahitaji madogo, nikatuma nyumbani mia nane. Si haba. Bibi yako ameezekewa nyumba, na dada yako amemaliza chuo. Mwaka 2023 pesa walizotuma Wakenya walio nje zilipita dola bilioni 4, na humo zimo mia nane zangu za kila mwezi. Sitamdharau mtu anayetaka kuja kuzitafuta.

Joto mtalizoea. Zamu yangu ni ya usiku, na usiku wa Agosti shati hulowa kama umetoka kuoga baharini.

Deni ndilo nataka mnisikilize. Mimi nilitoa 120,000, nusu kwa bangili za mama, nusu kwa mkopo wa shangazi. Ajenti aliniambia kazi ya hotelini. Nilipofika nikapewa sare na kiti cha mlangoni. Mwaka ule wa kwanza mshahara ulichelewa miezi miwili, na mwenzangu wa chumbani, kijana wa Nepal, akaenda kushtaki. Mimi sikwenda. Niliwaza: nikifukuzwa, shangazi nitamlipa nini? Wakati huo hata kuhama kazi hukuweza bila barua ya mwajiri. Sharti hilo liliondolewa 2020, na ni jambo jema sana, lakini mwenye deni bado hahami, maana hana hata mwezi mmoja wa kukaa bila mshahara. Na sheria ya kazi ya huku inamkataza wakala wa huku kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa. Basi laki na nusu hiyo ni ya nini? Muulizeni.

Siku moja ya mapumziko niliingia nyumba kongwe iliyohifadhiwa hapa mjini. Nikainua macho: boriti! Boriti za mikoko, kama zile majahazi yalizokuwa yakizichukua pwani yetu kuja Ghuba, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Chumba kilikuwa chembamba kama cha bibi yako, kwa kuwa upana wa chumba ni urefu wa boriti, huku na kwetu. Nilisimama pale nikamkumbuka babu, baharia wa safari hizo. Alikuja huku kwa upepo wa kusi akarudi Lamu kwa upepo wa kaskazi. Upepo wenyewe ulimrudisha. Mimi nina mkataba wa miaka miwili. Ule wa kwanza ulipoisha, deni lilikuwa halijaisha, nikatia sahihi mwingine. Baba alipofariki asubuhi, alizikwa alasiri ile ile. Mimi mazishi niliyaona kwenye simu, nimesimama ngazini na sare ya kazi.

Na ile picha yangu iliyowapendeza, ya ukumbi wenye marumaru na taa kubwa, ni ukumbi wa jengo ninalolilinda. Nalala kambini, watu wanane chumba kimoja. Niliiweka ili mama asihuzunike. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliiona, akaja, na ameniambia mwenyewe kwamba ni picha ile iliyompa hamu. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe. Nanyi nawaomba radhi.

Mpwa wangu, mashua inawalisha watu saba, na hakuna atakayewauzia nyingine kwa bei hiyo. Isiuzwe. Ukiwa bado wataka kuja, njoo bila deni la mtu. Mtake ajenti akupe mkataba kwanza, uone umeandika kazi gani, mshahara gani, malazi ya nani. Hakikisha kampuni yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kisha nipigie picha kila ukurasa, kabla baba hajatoa hata shilingi. Ijumaa sina zamu. Nitakuwa na simu mkononi baada ya swala.