Mpango wa matumizi ya ardhi kijijini Mafia

SWALI: Kijijini kwetu, kisiwani Mafia, tumeambiwa tuandae mpango wa matumizi ya ardhi. Je, huo ndio hati ya kumiliki ardhi?

JIBU: Hapana. Mpango hugawa maeneo: makazi, mashamba, msitu, malisho, diko la wavuvi (pale wanapotia nanga na kushusha samaki). Hati ya hakimiliki ya kimila humpa mtu au familia kipande chake, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999.

Anzeni na mipaka. Kaeni na vijiji jirani mkubaliane, kwa maandishi. Mgogoro wa mpaka ndio unaokwamisha mipango mingi. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji huipitisha. Msikubali ramani iliyochorwa ofisini bila nyinyi kutembea nayo shambani.

Kwa watu wa kisiwani, ufukwe ndio moyo wa jambo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini chungeni pia njia ya kwenda diko: isipochorwa kwenye mpango, uzio wa mwekezaji utaifunga na wavuvi watakosa pa kupita.