Kabla hujahamia winguni: maswali yenu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu kuweka barua, picha na hati mtandaoni, yaani “winguni”. Nimejibu machache kwa mapana na mengine kwa mkato.

Gmail yangu inasema nafasi imejaa, na wateja wanalalamika kuwa barua zao zinawarudia. Nifungue akaunti nyingine? — Mama wa mitumba, Gikomba

Usifungue kwanza, mama. Zile GB 15 za bure si za barua peke yake. Gmail, Drive (ghala la faili la Google) na Google Photos zote zinakula sahani moja. Tangu Juni 2021 picha mpya unazopakia zinahesabiwa, na siku hizi hata nakala ya WhatsApp ya simu ya Android imo humo humo. Watu hukaa jioni nzima wakifuta barua za maandishi matupu, zisizo na uzito wowote, na video za harusi zimetulia tu.

Fungua Gmail, na mahali pa kutafutia uandike larger:10M. Utaletewa barua zinazozidi megabaiti 10 pekee. Futa usizozihitaji, kisha umwage na pipa la taka, maana vilivyo ndani ya pipa bado vinahesabiwa. Halafu ingia mipangilio ya WhatsApp uondoe video kwenye nakala yake. Akaunti ya pili utaisahau, na Google inaweza kuifuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka 2.

Natafuta mahali pa kuweka tasnifu na video za utafiti wangu. Kila huduma inajisifu. Nizijaribu vipi? — Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Zijaribu kama unavyokagua nyumba ya kupanga: fungua mfereji kabla hujalipa diposti.

Tuanze na nafasi ya bure. Dropbox inatoa GB 2, OneDrive na iCloud GB 5 kila moja, Google 15, Mega 20. Lakini ukubwa huo haukusaidii kama vitu vyako havifiki huko. Tuseme video ni GB 10 na intaneti yako inapakia megabiti 5 kwa sekunde. Gigabaiti moja ni megabiti 8,000, kwa hivyo utangoja kama saa nne na nusu, stima isipopotea. Na kama unatumia bando la simu, hizo GB 10 unazilipia wewe. Mimi ningeweka tasnifu winguni, na video ghafi kwenye diski mbili za nje zinazokaa nyumba tofauti.

Sasa jaribio lenyewe. Tengeneza folda ndogo yenye sura moja ya tasnifu, picha kadhaa na video fupi, uipakie kwenye huduma mbili au tatu. Zima data katikati ya kupakia, uiwashe tena, uone kama kazi inaendelea ilipoishia au inaanza upya. Mtumie msimamizi wako kiungo, umuulize kama amefungua bila kulazimishwa kujisajili. Kisha futa faili moja kwenye simu na uangalie kompyuta. Mara nyingi utakuta haipo huko pia. Hapa ndipo wengi hulia, kwa sababu walidhani wana nakala ya akiba kumbe walikuwa na faili moja inayoonekana mahali pawili. Drive hukiweka kilichofutwa kwenye pipa kwa siku 30, baada ya hapo kimekwenda.

Mwisho, pakua folda nzima kwenye kompyuta nyingine na ulinganishe. Majina ya faili yamebaki? Jedwali halijavurugika? Google ina huduma iitwayo Takeout ya kutoa kila kitu chako kwa mkupuo. Huduma isiyokuachia utoke na mzigo wako wote, hata ikikupa GB 100, achana nayo.

Nakala za vitambulisho vya wanachama wetu ziko kwenye Drive yangu. Kuna shida kisheria? — Katibu wa chama, Umoja

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikatazi kuziweka winguni, ila inataka wenyewe wajue unazihifadhi kwa nini, na wewe uzilinde. Angalia leo hii kama folda hiyo imewekwa ifunguliwe na yeyote mwenye kiungo. Kama ndivyo, badilisha iwe ya watu uliowataja tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni neno “yangu”. Ukiacha ukatibu kwa ugomvi, kumbukumbu za chama zinakwenda na nani? Fungueni akaunti ya chama, njia za kuirejesha wazijue watu wawili.

Wanasema mwezi wa kwanza ni bure lakini wanataka kadi ya benki. Ni wezi? — Kinyozi, Kariobangi

La, kaka. Wanategemea usahaulifu wako. Soma tarehe ya kukatwa pesa, weka kengele kwenye simu siku mbili kabla, na ujue kwamba kuondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo. Lazima uingie kwenye akaunti usitishe mwenyewe. Kama huna kadi, unachonunua kupitia Google Play unaweza kukilipia kwa M-Pesa.

Laini yangu ya zamani ilikufa. Sasa kila nikiingia kwenye baruapepe, nambari ya siri inatumwa huko. — Mzee wa South B

Pole, mzee. Kama kuna kifaa ambacho bado hakijakutoa, hata kompyuta ya mjukuu, ingia kwacho ubadilishe nambari ya simu sasa hivi. Kisha uombe nambari za siri za akiba, za kuingilia laini isipokuwepo. Google hutoa 10, kila moja ya kutumika mara moja tu. Zichapishe uziweke pamoja na hati ya shamba, usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo.

Nyaya za baharini zikikatika tena kama Mei 2024, faili zangu zitapotea? — Dereva, Rongai

Hazitapotea. Wakati ule, EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota kwa siku kadhaa lakini faili zilikuwa salama kwenye kompyuta za mbali. Shida ni kuzifikia. Kama kesho unapeleka bima na leseni mahali, ziweke zipatikane bila intaneti ukiwa bado nyumbani, halafu uzime data uhakikishe zinafunguka.