Usimjibu mnunuzi kabla hujajua nani analala kwenye kibanja

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umerithi kibanja (shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba) cha ekari moja na nusu Muleba, Kagera, pamoja na ekari 4 za rweya, yaani eneo la nyasi la nje ya kibanja, unaishi Dar, hujakanyaga kijijini tangu msiba wa mzee, na sasa kuna mnunuzi anakusukuma. Kaka yako anasema jenga. Mkeo anasema uza, mnunue kiwanja Chanika. Wewe mwenyewe unaona bora pabaki kama palivyo mpaka akili itulie. Nakujibu kwa sababu mimi nilichagua hilo la tatu, na liliniumiza.

Baba yangu alifariki mwaka 2009. Mimi ni mtoto wa kike, lakini kibanja aliniandikia kwa wosia mbele ya wazee, maana kaka zangu alikuwa ameshawapa vyao akiwa hai. Nilikuwa Mwanza kazini. Nikamweka kijana mmoja aangalie, tukakubaliana kwa mdomo: ndizi ale, kahawa tugawane nusu kwa nusu. Nilirudi baada ya miaka 4. Migomba ilikuwa imekwisha kwa mnyauko, ule unaoitwa unyanjano, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiondoa maua dume kwa kijiti cha panda wala kupitisha panga kwenye moto akitoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Upande wa bondeni jirani alikuwa amesogea kama hatua 6. Ile omulamula, mmea wa kuonyesha mpaka, aliyoipanda babu ilikuwa imeng'olewa, na mingine michanga ikapandwa ndani kwetu. Yule kijana alikuwa ameoa, ameongeza kibanda cha pili, na wageni wa kijiji walikuwa wanapaita "kwake". Makaburi ya babu na bibi yalikuwa yamefunikwa na majani mpaka nikayatafuta kwa fimbo.

Kwa hiyo, njia yako ya tatu, ya kuacha palivyo, mimi siioni kama ipo. Ama kuna mtu analala pale na kukihudumia kwa makubaliano yanayoeleweka, ama kibanja kinakutoka kidogo kidogo bila wewe kupokea hata shilingi.

Kisheria, madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mwalikwa hawezi kujimilikisha alipokaribishwa, hata akikaa muda mrefu. Lakini ni wewe utakayeulizwa unathibitishaje kwamba alikuwa mwalikwa, na mashahidi wako ni wazee wanaotangulia mmoja mmoja. Mimi nilibahatika, wazee wawili walioonyeshwa mpaka na baba walikuwa bado hai. Tuliutembea mpaka mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tukapanda omulamula upya, jirani akasaini. Na kijana tukaandikiana kwa mtendaji: anakaa kwa ruhusa yangu, mazao yanagawanywa hivi, akiondoka anapewa notisi ya miezi mitatu. Karatasi moja tu. Laiti ningeiandika 2009.

Sasa suala la nani ana haki ya kuuza. Umeandika "mimi na kaka". Dada zako wako wapi kwenye habari hii? Siulizi kwa ugomvi. Nilipotaja kuuza, baba mdogo alisimama kwenye kikao akasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Ni kweli kwamba sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema hivyo. Lakini mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa wosia wa baba yake, akasema ana haki ya kuuza sawa na mwanaume. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kwa hiyo ukiuza nyuma ya dada zako, wana pa kwenda, na mnunuzi wako ataburuzwa pamoja nawe. Kama mzee hakuacha wosia, anzeni na kikao cha ukoo, muhtasari usainiwe, mmoja wenu akaombe usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya hapo huna cha kuuza. Na hata ukiwa nacho, hii ni ardhi ya kijiji: mauziano yapite halmashauri ya kijiji, siyo kukabidhiana bahasha kwenye gari. Ukipata nafasi omba hatimiliki ya kimila kwa jina lako.

Baada ya yote hayo mimi nilifanyaje? Niliuza sehemu kubwa ya rweya yangu, kibanja nikabaki nacho. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua nyumba ya baba kona mpaka kona, kuta za udongo zikaegemea nje, na shangazi yangu mjane, ambaye nyumba yake ilianguka kabisa, alikuwa analala chini ya turubai. Sikuwa na hela ya kujenga. Mwaka uliofuata niliuza ekari 3 kati ya 4 za rweya kwa mtu anayepanda misindano, nikajenga vyumba viwili na sebule kwa tofali za kuchoma, msingi wa mawe, na lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima. Fundi alitaka kuiruka lenta ya nyuma ili kupunguza gharama. Nilikataa, na wewe ukijenga usikubali. Shangazi ndiye anayeishi humo. Migomba imerudi, kwa sababu yuko mtu anayeamka nayo.

Lakini kuna jambo sikulifikiria, na sioni wengi wakilisema. Kibanja kinalishwa na rweya. Nyasi za kutandaza kwenye migomba zilitoka kule, ng'ombe wa babu walichunga kule, na samadi ikaja shambani. Nilipouza ekari 3 nilipata nyumba, ila sasa kila msimu nanunua nyasi na samadi, na sehemu ya mbali na nyumba ndizi bado ni nyembamba. Ningerudi nyuma ningeuza ekari 2.

Kwako basi, nyumba kubwa ya kufungulia Krismasi usijenge. Itakula akiba ya kiwanja chako cha mjini na popo ndio watakaokaa. Kiwanja cha Chanika mkeo hajakosea kukitaka, ila pesa yake itoke kwenye sehemu ya rweya, na ndugu wote wakiwa wamesaini. Kwenye kibanja tafuteni kwanza mtu. Umetaja kwamba mama mdogo wako amepanga chumba Kamachumu. Umemuuliza kama angependa kurudi?

Mnunuzi mwambie asubiri mpaka Januari, mkishakutana nyumbani Desemba. Akikupa wiki moja tu, muulize hiyo haraka ni ya nini.