Mafunzo ya maabara ya mazingira: nianze na mashine au na mto?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Kasese, mwenye stashahada ya kemia. Msimu wa mvua uliopita tulichota maji ya mto Nyamwamba, chini kidogo ya machimbo ya zamani ya Kilembe, tukayapeleka Kampala yapimwe shaba. Kikundi kingine kilichota siku ileile, mahali palepale, na kiwango walichopata kilikuwa mara nne ya chetu. Tangu hapo wanakijiji hawatuamini sisi wala wao. Sasa nimepata nafasi mbili za mafunzo ya wiki mbili: moja ni ya kuendesha mashine kubwa za kupimia metali, na nyingine ni ya uchotaji wa sampuli na ufuatiliaji wa vichafuzi. Fedha zangu zinatosha moja tu. Nichague ipi, na je, cheti chake kitafanya matokeo yangu yakubalike?
Msomaji, Kasese

JIBU: Ndugu msomaji, naomba kwanza turudi pale mtoni. Shaba ilianza kuchimbwa Kilembe kwa wingi mwaka 1956, na mabaki ya machimbo yalirundikwa karibu na mto, ambao wenyeji mnajua vizuri kuliko mimi jinsi ulivyokula kingo zake katika mafuriko ya Mei 2013. Maji ya mto wa namna hiyo, hasa baada ya mvua, hubeba shaba iliyoyeyuka na pia shaba iliyoshikamana na tope. Sampuli ya metali huhifadhiwa kwa kutiwa asidi ya nitriki hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2, na asidi hiyo ikikuta tope ndani ya chupa huibandua shaba iliyoshikamana nalo. Basi aliyechuja maji papo hapo kwa kichujio chenye matundu ya maikromita 0.45, kisha akatia asidi, atapata kiwango cha shaba iliyoyeyuka tu. Aliyetia asidi bila kuchuja atapata kiwango kikubwa zaidi. Siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu, lakini waulizeni wenzenu kama walichuja, na kama hamkuandika popote kwamba ninyi mlichuja au la, tatizo limeanzia kwenye daftari lenu.

Kwa hiyo nakushauri uchague mafunzo ya uchotaji. Mashine nzuri hupima kwa uaminifu kile ilichopewa, hata kama aliyeileta sampuli alikwisha kuiharibu njiani. Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado mwanagenzi, nilishangaa kuona zinki ndani ya sampuli tupu, yaani maji safi ya maabara niliyoyabeba hadi mtoni na kuyarudisha ili kuona kama kazi yetu yenyewe inachafua. Ilitoka kwenye unga wa glavu zangu. Bila chupa ile moja, ningeandika ripoti ya kuushtaki mto usio na kosa.

Vichafuzi si metali tu, na kwako wewe uliye mbali na Kampala, suala la vijidudu lina uzito wa pekee. Sampuli ya kupimia metali iliyotiwa asidi hukaa miezi, ila sampuli ya E. koli, bakteria wanaoashiria kinyesi ndani ya maji, hutakiwa kuwekwa kwenye barafu bila kugandishwa na kuanza kupimwa ndani ya saa chache, wala si zaidi ya siku moja. Basi la kwenda Kampala halikufai. Tafuta mafunzo yanayofundisha kuchuja maji kwa utando na kuotesha vijidudu kwenye kiangulio cha kubebeka, kwenye nyuzi 44 za Selsiasi.

Yapo pia mambo ya kusoma ripoti, ambayo wakufunzi wengi huyapitia mbiombio. Shirika la Afya Duniani linapendekeza metali ya risasi isizidi miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Ikiwa njia iliyotumika haiwezi kuona chini ya 0.05, basi neno “haikuonekana” halimwambii mnywaji chochote, na fundi anayeliandika bila kutaja kikomo cha njia yake anawapotosha watu, hata kama hakukusudia.

Kuhusu cheti: kinaonyesha kwamba umefunzwa, basi. Ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa uwezo, ya kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, ambacho toleo lake la sasa ni la 2017, hupewa maabara wala si mtu, tena kwa vipimo vilivyotajwa kimoja kimoja. Maabara yenye ithibati ya kupima nitrati huenda haina ya kupima zebaki. Omba uone orodha yao kabla ya kupeleka chupa.

Kabla hujalipa ada, mwulize mwandaaji kama wanafunzi watapewa sampuli ambayo kiwango chake anakijua yeye tu, kisha majibu yao yalinganishwe nacho mbele ya darasa zima. Akianza kukueleza habari za hoteli na chakula cha mchana, tafuta mwingine.