Mshale Ukigonga Nyekundu

Ukitaja limita Nairobi, wengi hufikiria spidi gavana, ile ya kilomita 80 kwa saa iliyoingia kwenye matatu na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004. Ninayozungumzia hapa ni nyingine. Haijali gari linakwenda kasi gani, inahesabu mizunguko ya injini tu. Mshale wa saa ya mizunguko ukifika kwenye nyekundu, pale kiwanda kilipoweka mpaka, kompyuta inakata petroli au moto wa plagi, injini inaanza kukohoa, na nguvu uliyokuwa ukiitegemea inatoweka mpaka ubadilishe gia au ulegeze mguu.

Naendesha Toyota 86 ya gia za mkono, toleo la kwanza lenye injini ya lita 2.0. Limita yake iko karibu na mizunguko 7,400 kwa dakika, na nguvu za juu kabisa, farasi 200, zinapatikana kwenye 7,000. Yaani raha na ukuta ni majirani. Mwenye Subaru WRX ya tabo (ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) yenye injini ya FA20 hana shida hiyo, kwa sababu yake inafika kileleni kwenye 5,600. Akizidi kukanyaga mpaka nyekundu anaongeza kelele tu. Kwa hiyo ukiambiwa na rafiki "vuta mpaka mwisho", muulize kwanza yeye anaendesha gari gani.

Halafu kuna mwinuko wetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini ya tabo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Isiyo na tabo inabaki na upungufu wake, na ndiyo maana dereva wa Nairobi huzoea kuizungusha juu ili apate mwendo. Limita yenyewe haisogei. Kinachobadilika ni muda ambao mshale unachukua kuifikia. Shuka pwani na gari hilohilo, utashangaa jinsi gia ya pili inavyoisha upesi. Sikio lililofunzwa Waiyaki Way linachelewa Mombasa.

Mahali limita inapoweza kukuumiza kweli ni katika kupita lori. Chukua mfano wa barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha, lori mbele yako liko kwenye 60. Katika 86, gia ya tatu kwa kasi hiyo iko kwenye mizunguko kama 3,200, na kuanzia hapo hadi karibu 4,500 injini hii ina bonde linalojulikana, unakanyaga na jibu linakuja kwa uvivu. Kishawishi ni kurudi gia ya pili. Hapo uko kwenye 4,600, gari linaruka vizuri sana, na unajiona bingwa. Ila gia ya pili inaishia kwenye kilomita 97 hivi. Kwa lori refu lenye trela, hiyo 97 inakukuta ubavuni mwake, taa za anayekuja zikikua, na injini inakohoa.

Ninavyofanya siku hizi: naacha nafasi kubwa nyuma ya lori, naongeza kasi nikiwa bado upande wangu, kisha natoka nikiwa karibu na 80, gia ya tatu. Bonde linakuwa limekaribia kwisha na mbele nina nafasi mpaka karibu 138, ambayo sihitaji wala sheria hainiruhusu. Ikiwa njia haina nafasi ya kuanza hivyo, basi hakuna kupita. Na ikitokea umegonga limita katikati, usigande na mguu chini ukingoja nguvu zirudi. Klachi, gia ya tatu, endelea.

Kwenye kona ni hatari ya aina nyingine. Pale Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari Athi River, ni rahisi kubaki gia ya pili ndani ya kona ukitumaini itatosha. Nguvu zikikatika ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halisamehe hilo, hasa lami ikiwa na maji. Ingia kona na gia ya tatu hata kama inaonekana nzito.

Kuna jambo moja wengi hawaamini mpaka waone bili ya fundi: limita hailindi injini dhidi ya mkono wako. Inakata petroli, basi. Ukiwa kwenye 130 gia ya tatu ukatafuta ya nne, mkono ukaangukia ya pili, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na itapelekwa karibu na 9,900. Valvu haziwahi kujifunga, pistoni inazikuta njiani. Kompyuta haina la kufanya. Usikabe kichwa cha gia, kisukume kwa kiganja.

Vijana wanaoshikilia limita gari likiwa limesimama ili ekzosi ilipuke, sina mengi ya kuwaambia. Limita ikiwa ya kukata moto wa plagi, petroli isiyochomwa inaenda kuungulia kwenye katalaiza, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na katalaiza si bei rahisi.

Fundi akikuambia atakusogezea limita juu kwa kompyuta yake, muulize atabadilisha springi za valvu na bolti za konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, pia? Mkazo kwenye konrodi hupanda kwa mraba wa mizunguko: ongeza mizunguko asilimia 10, mkazo unapanda asilimia 21. Nami nauliza faida iko wapi, ikiwa nguvu zilishaanza kushuka baada ya 7,000.

Pesa hizo ziache mfukoni utumie kile gari lilichokuja nacho. Katika 86 unaweza kuweka taa na mlio wa kukuonya kabla ya nyekundu. Mimi nimeuweka kwenye 6,800 kwa Nairobi. Nikienda pwani naushusha hadi 6,500.